Na Siye Tutaongelea Wapi?

Katika soko kuu la Bunia tulimwita Mama wa Redio, na jina hilo lilimtosha. Miaka kumi na minne nilikaa mbele ya kibanda chake, mimi na vitenge vyangu upande huu, yeye na redio zake upande ule, njia ya vumbi katikati yetu. Ukiniuliza alitoka ukoo gani, nitashindwa kukujibu. Ila jinsi alivyofungua katoni mpya naweza kukuonyesha hata leo: alikata kamba kwa meno, akatoa redio ya kwanza, akaipulizia kama mtu anayepuliza majivu kwenye kiazi cha kuchoma, kisha akaitazama kwa dharau kabla haijamkosea lolote.

Aliuza redio ndogo za kubeba mkononi, zile zinazosoma karte, kadi ndogo ya nyimbo, kubwa kama kipande cha mche wa sabuni. Wachungaji wa ng'ombe walizining'iniza shingoni. Wachimba dhahabu walizifunga kwenye kofia. Akina mama waliziweka juu ya mfuko wa unga wakati wanapika. Kwa hiyo watu wa kila namna walipita kwake, na wote aliwapokea namna moja: "Kaa kwanza."

Hakumuuzia mtu aliyesimama. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao, kifupi, na mteja alilazimika kukikalia na kusikiliza. Tena hakuwawekea muziki. Aliweka karte yake mwenyewe, yenye sauti ya mwanamume mmoja akieleza namna ya kupanda viazi. Hakuna aliyejua mwanamume yule ni nani wala sauti ile ilitoka wapi. Nusu ya Bunia ilinunua redio huku ikifundishwa kina cha shimo la kiazi.

"Mama, weka basi muziki!" vijana walimlalamikia.

"Muziki inafichaka makosa," aliwajibu. "Ngoma ikipiga, hata redio mubovu inaonekana muzima. Sikiliza mutu akiongea. Kama unasikia mate yake, njo ile redio muzuri."

Mteja akianza kuongea kabla bwana wa viazi hajamaliza, alizima redio na kusubiri mpaka anyamaze, halafu akaanzisha tena toka mwanzo. Mwenyewe lakini alikuwa msemaji asiye na breki. Alianza kuongea akiwa bado anavuka barabara asubuhi na aliendelea mpaka anafunga mlango wa bati. Kanisani alikaa safu ya pili na kuimba kwa nguvu nje kabisa ya sauti ya kwaya, na mwongoza kwaya alijifunza kutazama dirishani wakati wa kumtazama yeye. Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu anayejua redio nzuri na mbaya kwa kusikia mate haisikii sauti yake mwenyewe. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Jirani," akasema, "mupishi hasikiaki chumvi ya chakula yake."

Siku nyingine alikuja mchungaji wa ng'ombe, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, akirudisha redio aliyoinunua wiki iliyopita.

"Iko na huzuni," alisema.

"Redio njo iko na huzuni?"

"Kila wimbo. Hata ile ya furaha, ikitokea humu ndani inakuwa ya kilio."

Nilidhani Mama wa Redio angemcheka. Hakucheka. Alimkalisha, akaigeuza redio, akaifungua, akaifunga, kisha akamuuliza, "Nani amekufa?" Mwanamume akasema hakuna. "Nani ameenda?" Mwanamume akatazama viatu vyake. Mke wake alikuwa amerudi kwao. Mama wa Redio akamwambia aiache redio mpaka kesho. Kesho yake akamrudishia vile vile ilivyokuwa, bila kugusa hata skrubu. "Imepona," alimwambia. "Sasa enda uchukue bibi yako, umusikilizishe." Baada ya mwezi alipita sokoni na yule mwanamke nyuma yake, wamebeba maziwa. Redio ilikuwa shingoni mwa mwanamke.

Katoni za modeli mpya zilipofika, soko lote lilijua. Lori lilipanda na mizigo kutoka upande wa ziwa, na Mama wa Redio, ambaye alikuwa amewatukana watengenezaji wiki nzima kwamba hawatulii, wanabadilisha kitu kizuri bila kuulizwa, alikuwa wa kwanza kusimama kwenye lori. Hakuweza kungoja. Nilimwona akifungua katoni pale pale barabarani, watu wakimpita na mikokoteni.

Modeli ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya taa. Ilikuja na taa za rangi zinazokimbia kuzunguka mdomo wa spika, na sauti kubwa mara mbili, na uwezo wa kushika nyimbo za simu bila waya. Vijana walikipenda chombo kile hadi wakataka kugombana. Walikiweka chini wakacheza kukizunguka, na muuza nyanya aliye pembeni akafukuza miguu yao kwa ufagio. Wachimba dhahabu waliipenda sauti, lakini siku ya pili walirudi wakinung'unika: betri ilikuwa imefungiwa ndani, haitoki, na huko machimboni hakuna umeme. Zamani mtu alibeba betri tatu mfukoni. Sasa ikiisha imeisha.

Halafu kulikuwa na yule mwanamke wa ndani. Ukiiwasha redio ile mpya, kabla ya wimbo, mwanamke alipiga kelele kwa lugha ya kigeni, neno moja au mawili, kwa ukali, kana kwamba umemwamsha. Shemasi mmoja aliiwasha katikati ya maombi ili watu wasikie zaburi, na mwanamke yule akafoka mbele ya madhabahu. Mama mmoja alikuja kibandani amemshika mumewe mkono. "Nataka kujua huyu mwanamuke ni nani," alisema, "juu kila asubuhi njo wa kwanza kumusalimia bwana yangu." Tulicheka siku tatu. Na mchungaji mmoja alisema ndama wake wanakimbia wakiona taa, kwamba yeye alinunua redio, si ngoma ya harusi.

Mama wa Redio aliwasikiliza wote kama hakimu. Nadhani aliifurahia kelele ile. Kisha akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Gety, mtu mzima, amefunga kitenge kilichopauka na kubeba kuku chini ya kwapa. Alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Akaichukua redio mpya, akaizungusha. Akatazama juu, chini, ubavuni. Akapapasa nyuma kwa kidole gumba.

"Butoni nyekundu iko wapi?" aliuliza.

Mama wa Redio akaichukua, akatafuta pia. Alikuwa ametazama taa tu, na spika, na betri. Hakuwa ametazama jambo hilo.

"Wameitosha, haiko tena," alisema hatimaye.

Yule mama akabaki ameshika kuku wake. "Na siye tutaongelea wapi?"

Lazima nieleze. Redio za kwanza zilikuwa na butoni ndogo nyekundu ubavuni. Ukiibonyeza na kuongea karibu, sauti yako inaingia kwenye karte. Sidhani waliotengeneza walijali sana kitu kile. Lakini kwetu watu walikuwa wametawanyika kwa vita. Huyu amekimbilia huku, yule amevuka ziwa na kubaki Uganda, na wengi hawakujua kuandika, au waliandika lakini hawakupenda barua inavyowafanya waonekane. Basi waliongea kwenye karte. Waliitoa, wakaifunga kwenye kipande cha plastiki, wakampa mfanyabiashara wa samaki anayeshuka Kasenyi, ufukweni mwa ziwa, naye akampa mtu wa boti, na baada ya siku kadhaa ndugu ng'ambo alisikia jogoo wa nyumbani, mtoto akikohoa, mvua juu ya bati, na kati ya hayo yote habari zenyewe. Simu zilikuwapo. Lakini vijijini mtandao ulitafutwa juu ya kilima, na hata ukiupata, simu inamharakisha mtu. Karte haikumharakisha mtu. Mwanamke aliweza kukaa nayo mpaka chungu kichemke.

Toka siku ile Mama wa Redio aliacha kuuza redio za zamani. Zilimbakia nne. Aliziweka juu ya rafu, akazifunika kitambaa, na mtu akizitaka alisema, "Hizi haziendi." Akaja kwangu akachagua kitenge kirefu cha buluu, akakitundika nyuma ya kibanda, akaweka kiti nyuma yake. Yeyote aliyetaka kuongea na mtu wake alikwenda pale akapewa redio yenye butoni nyekundu. Nilikuwa naona miguu yao tu chini ya kitenge. Miguu ya mtu anayeongea na aliye mbali haitulii. Inasuguana, mmoja unapanda juu ya mwenzake, vidole vinachimba vumbi. Mimi nilipima vitambaa huku nikitazama miguu, na hata sasa, nikipita sokoni, macho yangu yanateremka yenyewe kutafuta mahali pale.

Sasa nifike kwangu.

Mama yangu mzazi aliugua akiwa nyumbani kwangu. Dada yangu Furaha alikuwa amevuka ziwa na watoto wake wakati wa kukimbia na alikuwa amebaki huko. Nilimnunulia Mama redio mpya ya taa, kwenye duka jingine, maana jirani yangu alinikatalia. "Mugonjwa hahitaji disko," aliniambia. Nilikasirika nikanunua kwingine. Mama aliipenda. Alilala ubavu akitazama taa zikizunguka, akasema ni kama sikukuu imeingia chumbani. Lakini wiki zilivyokwenda, alianza kusema anataka kuongea na Furaha. Tulijaribu simu. Alishika simu, akaita "Furaha, Furaha," pumzi ikamwishia, na simu ikakatika kabla hajapata pumzi nyingine.

Basi nilivuka njia ile ya vumbi na aibu yangu. Mama wa Redio hakunikumbusha lolote. Ilikuwa Jumamosi, soko limejaa. Alifunga mlango wake wa bati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya siku kama hiyo, akachukua redio moja chini ya kitambaa, akatembea nami mpaka nyumbani.

Alikaa kando ya kitanda. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akasema, "Weye toka. Haya ni ya Furaha."

Nilitoka. Nilikaa uani nikimenya mihogo ambayo hakuna aliyeihitaji. Walikaa muda mrefu. Nilisikia mngurumo wa sauti ya Mama kupitia ukuta, bila neno hata moja. Mama wa Redio alipotoka, karte ilikuwa tayari imefungwa kwenye plastiki.

"Nifanyie kopi," nilimwambia. "Moja tu. Nitaiweka."

"Barua ni ya mwenye kuandikiwa," alisema. "Furaha akitaka, atakupatia."

Mwanamke aliyekopi nyimbo kutwa nzima kwa kila anayepita! Lakini nilikubali, maana nilijua dada yangu angenipa. Karte ilishuka Kasenyi na mama wa samaki tuliyemwamini. Siku ile ziwa lilichafuka, boti ikaingiza maji. Watu wote walifika salama, ashukuriwe Mungu. Karte ilifika pia. Furaha aliijaribu kwenye redio ya jirani, kwenye simu, kwa mafundi wawili. Haikusema kitu. Tulipopata habari hiyo, Mama alikuwa tayari ameshazikwa.

Nilikwenda kwa Mama wa Redio siku ya kwanza niliyorudi sokoni. Nilisema, "Hakuna mwingine aliyesikia. Ni weye peke yako. Uniambie alisema nini."

Alikuwa anapanga karte kwenye kopo. Hakuinua kichwa. "Mi niko posta, jirani. Posta haisomaki barua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba tena, nikilia, watu wakisimama kutazama. Furaha naye akapiga simu kutoka ng'ambo, akamwomba. Alimjibu maneno yale yale. Posta haisomaki.

Nilirudi upande wangu. Nikageuza kiti changu, nikampa mgongo. Kwetu, mtu usipomsalimia asubuhi ni kama umemzika, na mimi nilimzika Mama wa Redio kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alijaribu mwanzoni. Alituma mahindi ya kuchoma. Nikayaacha juu ya meza yakapoa. Siku moja alivuka hadi katikati ya njia, akasimama, akaangalia mgongo wangu, kisha akarudi. Najua kwa sababu muuza nyanya aliniambia.

Katika miaka ile redio zake zilizidi kupiga kelele. Bwana wa viazi alisikika mpaka kwa wauza viatu. Watu walinung'unika, wakasema anashindana na vijana wenye maduka ya spika kubwa. Wateja walipungua pia. Kila mtu alikuwa ameanza kuwa na simu kubwa ambayo ni redio, ni karte, ni butoni nyekundu, vyote mahali pamoja, na habari za ng'ambo zilifika kabla uji haujapoa. Siku hizi nami napokea sauti za Furaha namna hiyo, ishirini kwa siku. Nazisikiliza nikitembea. Nyingine sizimalizi.

Msimu mmoja wa mvua mlango wa bati haukufunguliwa. Akaingia muuza mifuko ya simu. Niligeuza kiti changu kikatazama mbele tena, na nikagundua kwamba sikuwa na cha kutazama.

Mwaka jana nilishuka Kasenyi kwa harusi ya binti wa binamu yangu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda ufukweni kutafuta samaki wa chumvi wa kurudi nao. Kwenye meza za kukaushia, wanawake walikuwa wanageuza samaki, na mmoja wao alikuwa amevaa koti la kiume juu ya kitenge, mgongo wake kwangu. Nilimjua kwa namna alivyopuliza inzi.

"Mama wa Redio!" niliita. Hakugeuka. Niliita tena, na mara ya tatu.

"Huyu hasikiaki," alisema mwanamke wa meza ya pili. "Zunguka, umupitie mbele."

Nikazunguka. Aliponiona, mikono yake ilisimama juu ya samaki. Alinitazama kichwa mpaka miguu.

"Jirani," alisema, kwa sauti kubwa mno. "Umenona."

Sikujua nicheke au nilie. Alijifuta mikono, akavuta gunia, tukakaa. "Sema polepole," alisema. "Nione midomo."

Nilimuuliza hali yake. Alisema anakaa kwa mdogo wake. Masikio yamekwisha, la kushoto kabisa, la kulia limebakiza kidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Kisha kabla sijasema lingine, akasema yeye.

"Ulinikasirikia juu ya mama yako."

"Nilikukasirikia."

"Ulikuwa na haki. Nilikudanganya." Aliangalia ziwa, halafu akalazimika kurudisha macho kwenye midomo yangu. "Nilisema posta haisomaki. Uongo ile. Sikusikia kitu. Masikio ilianza kuisha tangu zamani, na mama yako sauti yake ilikuwa ndogo. Nilishika butoni tu. Alisema, alisema, mi niko pale, sisikii hata neno."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Mama wa Redio hasikii? Nani angekaa tena mbele yangu, nimuchagulie redio?" Alitikisa kichwa. "Nilikuwa na haya. Nilisema nitakuambia kesho. Halafu uligeuza kiti."

Hasira ilipanda, niseme kweli. Miaka mitatu ya mgongo, na mingine mitano ya kutojua kama yuko hai, kwa sababu ya neno moja lililomshinda kutamka. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Lakini alikuwa ameukazia macho mdomo wangu, akingoja kitakachotoka, kama mtu anayengoja kupigwa, na sikuweza.

"Lakini niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Aligeukia ukuta na redio pa mudomo. Mabega yake ikaanza kuruka. Akatulia. Halafu tena."

"Alikuwa analia."

"Hapana. Mi pia niliwaza vile. Lakini mara ya pili aligeuka, akaniangalia, na meno yote inje. Mutu haliaki vile. Alikuwa anacheka, jirani. Alikuwa anamuchekesha Furaha."

Mama yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo nilimfikiria akiaga, akiomba, akiacha wosia, alikuwa amenitoa chumbani ili asimulie kichekesho.

Nikatoa simu nikampigia dada yangu. Alipokea haraka. Nyuma yake nilisikia watoto na sahani. Nikamwambia nilipo na niliyekaa naye. Kisha nikamwambia lile jambo, lote, polepole, na nikaona kwamba Mama wa Redio alikuwa anafuata kila neno midomoni mwangu, anatikisa kichwa kukubali.

Upande wa pili watoto walikuwa wameambiwa wanyamaze.

"Anasema nini?" Mama wa Redio aliuliza.

"Bado," nilimwambia.

Akainuka, akarudi mezani pake. "Umungojee," alisema, akaanza kugeuza samaki.